Pole ni ya nani? Kisa cha kifo cha Papa Wemba na msiba wa mashabiki wake

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 24 Aprili 2016, Papa Wemba, mwanamuziki maarufu wa Kongo, alikuwa jukwaani mjini Abidjan, Ivory Coast, kwenye tamasha la FEMUA linaloandaliwa na wanamuziki wa kundi la Magic System. Televisheni ilikuwa inarusha onyesho moja kwa moja. Wanenguaji walikuwa mbele, yeye kasimama nyuma yao. Akayumba, akaanguka. Kwa sekunde kadhaa wanenguaji waliendelea kunengua na vyombo vikaendelea kulia, kwa sababu walio mbele hawakuona kilichotokea mgongoni mwao. Ndipo mmoja akageuka, watu wakakimbilia, muziki ukakatika. Alikuwa na miaka 66.

Hizo sekunde chache ndizo zilizosambaa kwenye simu za watu asubuhi ile, kuanzia Kinshasa mpaka Brussels, kuanzia Lubumbashi mpaka Dar es Salaam. Mimi niliziona Mwananyamala, kwa fundi cherehani Mkongo niliyekuwa nimempelekea kitambaa cha suruali. Alikuwa amesimamisha cherehani, mguu bado uko juu ya pedali, simu kaishika kwa mikono miwili. Aliitazama video ile mpaka mwisho, akaianza tena. Sikujua niseme nini. Nikamwambia, "Pole, kaka." Akajibu kama anavyojibu mfiwa yeyote: "Nimeshapoa."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Kwetu pole ya msiba haitolewi ovyo. Unampa aliyefiwa: mtoto, mjane, ndugu, jirani wa mlango kwa mlango. Fundi yule hakuwahi kupeana mkono na Papa Wemba. Hata hivyo aliipokea pole yangu bila kusita, na mimi niliitoa bila kuhisi kwamba nimekosea. Kisa hiki nakichambua kwa sababu ya swali hilo moja: mashabiki wanapomlilia mwanamuziki, je, ni wafiwa au ni watazamaji wa msiba wa watu wengine? Wapo wanaosema ni watazamaji, na baadhi yao husema kwa dharau. Nikiangalia yaliyotokea kati ya Aprili 24 na Mei 4 mwaka ule, naona wamekosea.

Tuanze na marehemu mwenyewe. Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba alizaliwa Juni 14, 1949, Lubefu, katika nchi ya Watetela, akakulia Kinshasa. Mama yake alikuwa mliaji wa misibani. Alikuwa mwanamke anayeitwa kwenye vilio ili aimbe, ataje sifa za marehemu, awafungulie wengine machozi. Mwanawe alifuatana naye. Papa Wemba alieleza mara nyingi kwamba sauti yake ilitoka kwa mama huyo, na anayeijua sauti ile hatabisha: nyembamba, inapanda juu na kukaa huko ikitetemeka, na hata wimbo wa mapenzi unakuja na kamasi za kilio ndani yake. Sikiliza "Maria Valencia". Hujui Kilingala, haidhuru, utajua kwamba kuna mtu anamkosa mtu.

Kwa hiyo watu waliojazana Matonge, mtaa wa Kinshasa, mwaka 2016 walikuwa wanamlilia mtoto wa mliaji, kwa sauti walizojifunza kwake. Mliaji wa kuitwa si ndugu wa marehemu, lakini hakuna anayemwambia kwamba kilio chake ni cha bure. Kazi yake ni kuubeba msiba pamoja na wenye msiba. Jamii zilizolea waliaji wa namna hiyo zilijua zamani kwamba huzuni haiishii kwenye damu.

Kuna neno linalotuunganisha hapa na Kinshasa. Sisi tunasema matanga, na wao kwa Kilingala wanasema matanga. Maana ni ileile ya mkusanyiko wa msiba, ila desturi zimetofautiana. Matanga ya pwani ni mkeka, kisomo, chai ya tangawizi, wanaume nje na wanawake ndani, kisha siku ya tatu matanga huanuliwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Matanga ya Kinshasa ni turubai, viti vya plastiki, muziki kwa sauti kubwa, bia, watu kukesha. Vijana wa mtaa huingia na nyimbo zao, nyingine za matusi, nyingine za kuwashtaki wazee kwamba ndio waliomla marehemu kwa uchawi. Mgeni kutoka huku kwetu anaweza kushtuka. Lakini ukikaa mpaka usiku wa manane utaona kwamba hakuna aliyekuja kustarehe. Wamekuja ili nyumba ya msiba isibaki kimya hata saa moja.

Papa Wemba alipofariki, matanga yake yalianza kabla mwili haujaondoka Abidjan. Waivory Coast wenyewe walimfanyia mkesha wa muziki kabla ya kumsindikiza uwanja wa ndege. Kinshasa watu walikusanyika nyumbani kwake Ma Campagne, na wengine wakaenda moja kwa moja Matonge bila kuambiwa na mtu. Hapo Matonge ndipo penye uzito wa kisa hiki.

Matonge ni mtaa wa baa na muziki, lakini kwa Papa Wemba ulikuwa zaidi ya hapo. Baada ya kuwa mmoja wa vijana walioanzisha Zaiko Langa Langa mwishoni mwa 1969, akapita Isifi Lokole na Yoka Lokole, mwaka 1977 aliunda Viva La Musica na kuifanya nyumba ya kwao, barabara ya Kanda-Kanda, kuwa makao yake. Eneo lile akalipa jina la kijiji: Village Molokai. Jina lilitokana na barabara tano zinazokaribiana pale, yaani Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda na Inzia. Yeye mwenyewe akawa chifu wa kijiji. Kilikuwa kijiji cha kubuni katikati ya jiji, lakini vijana waliokiingia walikichukulia kama kijiji kweli. Kilikuwa na chifu, na adabu zake, na mavazi yake, na misemo yake. Kijana aliyetoka kwenye familia iliyovunjika alipata mahali pa kusema "mimi ni wa pale". Wanamuziki wengi walipitia mikononi mwake, King Kester Emeneya mmojawapo, na Koffi Olomide naye alianzia karibu naye akimwandikia nyimbo.

Yatazame majina aliyoitwa. Papa. Vieux Bokul, na "vieux" ni mzee kwa Kifaransa. Na lile linalonigusa zaidi mimi Mswahili: Mzee Fula-Ngenge. Neno letu "Mzee" liliwafikia Wakinshasa, wakalipachika kwa mtu wao. Hakuna jina hata moja hapo ambalo ni la msanii kwa mteja. Yote ni ya ukoo. Ukimwita mtu Papa kwa miaka arobaini, ukaishi katika kijiji chake, ukanyoa kama anavyonyoa, siku akifa wewe ni nani kama si mfiwa?

Kunyoa nimekutaja makusudi. Rais Mobutu alipopiga marufuku suti na tai miaka ya 1970 na kuwavisha wanaume abakosti, koti lisilovaliwa na tai, mavazi yakawa jambo la siasa hata kwa asiyetaka siasa. Papa Wemba na wenzake wakaieneza sape, ustaarabu wa kuvaa. Kanuni yake kwa vijana ilikuwa nyepesi kuikumbuka: nywele zitengenezwe, ndevu zinyolewe, mwili unukie, hata kama huna hela. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alileta mtindo alioupa jina Ungaru, wa suruali pana kiunoni iliyobanwa na kukatwa juu ya kifundo cha mguu, viatu vya ngozi vya kufunga kamba, nywele zimekwanguliwa pembeni. Nchi ilikuwa inadidimia, mishahara hailipwi, na huyu anawaambia vijana maskini kwamba wana haki ya kupendeza. Wapo waliomlaumu kwamba alifundisha ubadhirifu. Lawama hiyo ina ukweli wake: kuna watu waliolala njaa wakilinda viatu. Lakini waliofundishwa kupendeza hawakulisahau somo, na wakalionyesha msibani.

Desturi ya misiba mingi tunayoijua ni kuvua: kuondoa vito, kuvaa kaniki au cheusi, kuacha nywele. Masapeur, yaani wafuasi wa sape, walikuja kwenye msiba wa Papa Wemba wakiwa wamevaa kuliko siku nyingine yoyote. Koti la rangi kali, kofia, miwani, fimbo ya kutembelea, soksi zilizochaguliwa kuendana na tai. Kulikuwa na wageni waliodhani ni maonyesho. Kumbe walishakuwa na mazoea hayo. Stervos Niarcos, aliyeifanya sape kuwa kama dini ya kitambaa, alifariki mwaka 1995 akiwa gerezani Ufaransa, na kila tarehe 10 Februari masapeur wa Kinshasa hukutana kwenye kaburi lake, makaburi ya Gombe, wakiwa wamevalia walicho nacho bora. Wanamwonyesha marehemu kwamba alichowaachia bado kipo. Kwa hiyo mwaka 2016 hawakuwa wanabuni kitu. Walikuwa wanamlilia Mzee wao kwa lugha aliyowafundisha mwenyewe, na sijui njia ya heshima zaidi ya kumlilia mtu.

Mwili ulifika Kinshasa Alhamisi, Aprili 28. Kuanzia hapo msiba ukawa na wenyewe wawili. Upande mmoja serikali, upande mwingine mtaa.

Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Jeneza likawekwa Palais du Peuple, jengo la bunge, Rais Joseph Kabila akafika na kumtunuku marehemu nishani ya juu ya taifa. Hayo yalikuwa mazuri na yalistahili. Mwanamuziki Tabu Ley Rochereau alilazwa katika jengo hilohilo mwaka 2013, na mwanamuziki mwenzake Franco alipofariki Ubelgiji mwaka 1989 serikali ya Mobutu nayo ilitangaza maombolezo ya taifa. Kongo ni kati ya nchi chache duniani zinazowazika wanamuziki wake kama marais. Lakini mwaka 2016 haukuwa mwaka mtulivu. Muhula wa Kabila ulikuwa unaisha Desemba, upinzani ulikuwa unamtaka aondoke, na kila umati mkubwa Kinshasa ulikuwa unatazamwa kwa jicho la wasiwasi. Umati ukipangwa foleni mbele ya jeneza, ukapita, ukatoka, unadhibitika. Umati unaokesha barabarani Matonge ukiimba, haudhibitiki.

Wale wa Palais du Peuple walipata nafasi ya kuaga. Nawasifu waliopanga foleni kwa saa nyingi juani. Ila naamini kuaga kule peke yake kusingewatosha watu, kwa sababu pale shabiki aligeuzwa mtazamaji. Matonge ndiko alikobaki mfiwa, kwa kuwa alikuwa na kazi: kuimba, kucheza, kuhadithia, kumwelekeza kijana asiyejua Viva La Musica ya mwanzo ilikuwaje. Msiba usiokupa kazi haukuponyi. Ndiyo maana kwetu hata jirani asiyejua kusoma dua hupewa kuni apasue.

Kuna jambo jingine lililotia uchungu msiba huu, nalo ni ile video. Franco alifia Namur, hospitalini. Tabu Ley naye hospitali, Brussels. Mashabiki waliambiwa kwa redio au kwa mdomo, na mdomo unalainisha. Papa Wemba watu walimwona akianguka. Waliirudisha nyuma video, wakaisimamisha, wakaangalia kila mkono uliopita karibu naye. Haikuchukua muda tetesi zikazuka kuhusu maikrofoni aliyopewa, kwamba ilikuwa na sumu, au ilikuwa na mkono wa mtu. Siziamini tetesi hizo na sitazirudia zote. Lakini nazielewa. Ukiwa umeyaona mauti kwa macho yako mara thelathini, jicho linadai sababu yenye ukubwa sawa na kilichopotea. Mwili wa mzee wa miaka 66 kuchoka alfajiri, jukwaani, kwenye joto la Abidjan, kunaonekana sababu ndogo mno. Na kwenye matanga ya Kinshasa, kuuliza "nani amemla?" ni sehemu ya kilio, inaulizwa hata kwa asiyekuwa na jina. Waliowacheka mashabiki kwa kuamini uchawi wa maikrofoni hawakusikia kilichokuwa kinasemwa. Kilichosemwa ni: hatukubali aondoke hivihivi.

Siwezi kuandika kisa hiki nikaruka mwaka 2003. Papa Wemba alikamatwa Ufaransa kwa tuhuma za kuwaingiza watu Ulaya kwa viza za wanamuziki ilhali hawakuwa wanamuziki. Alikaa mahabusu kwa miezi, na mwaka 2004 mahakama ikamtia hatiani. Wakinshasa walikuwa na jina la watu waliosafirishwa namna hiyo: ngulu, yaani nguruwe. Walilipa ili wapite, na si wote waliofika walikokusudia. Hii ni doa na haifutwi na sauti nzuri. Lakini msibani doa hilo halikuwa siri. Katika Matonge ile nyingine, mtaa wa Waafrika ndani ya Brussels, wapo watu waliojenga maisha kwa sababu njia ilifunguliwa, halali au si halali. Kwao alikuwa aliyewavusha. Kwa mwingine alikuwa aliyekula hela yake. Mfiwa wa kweli humjua marehemu na madoa yake. Anayemjua kwa sifa tupu ndiye mgeni. Nilichokiona kwenye mazungumzo ya mashabiki siku zile ni watu wanaomlia huku wakimlaumu, kama watoto wanavyomlia baba.

Nao Wakongo wa Paris na Brussels walikuwa na kisa chao. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, wanaharakati waliojiita combattants walikuwa wanazuia matamasha ya wanamuziki wa Kinshasa huko Ulaya, wakiwashutumu kwa kuwaimbia watawala. Wapenzi wengi wa Papa Wemba walioishi Ulaya hawakuwa wamemwona jukwaani kwa muda mrefu. Walinyimwa miaka ya mwisho ya mtu wao kwa ugomvi ambao wengine wao walikubaliana nao. Huzuni ya namna hiyo, yenye majuto ndani yake, ndiyo nzito kuliko zote.

Jumatano, Mei 4, ibada ilifanyika katika kanisa kuu la Notre-Dame du Congo, kisha msafara ukaelekea Nsele, makaburi ya "Entre Ciel et Terre" nje ya jiji, mbali na Kanda-Kanda. Mahali ni pazuri, pamepangika, Tabu Ley yupo huko. Ila ni safari. Anayeishi Matonge bila nauli hawezi kwenda kumtembelea Mzee wake jioni baada ya kazi. Kama ningekuwa na sauti katika mipango ile, ningeomba jeneza lipite polepole kwenye zile barabara tano na lisimame Kanda-Kanda kwa muda wa kutosha, wanakijiji wamuage chifu wao kijijini. Baadaye nyumba yake ya Ma Campagne iligeuzwa makumbusho ya rumba, na Desemba 2021 UNESCO ikaiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini makumbusho yako Ma Campagne, kaburi liko Nsele, na kilio kilikuwa Matonge.

Serikali ilianua matanga yake Mei 4. Matanga ya mtaa hayana tangazo la kuanuliwa. Hupungua yenyewe, usiku baada ya usiku, mpaka siku mtu anapogundua kwamba amepiga wimbo wa marehemu na hakulia.

Jumatano ile nilipita Mwananyamala kuchukua suruali yangu. Kibanda cha fundi kilikuwa kimefungwa. Juu ya mbao za mlango aliandika kwa chaki ya kupimia nguo neno moja: MATANGA. Mama anayeuza maandazi pembeni aliniambia ameondoka asubuhi na wenzake wawili, wamevaa kama wanakwenda harusini, yeye na shati jeupe na viatu vyekundu, na alipomuuliza harusi ya nani alimjibu kwamba wanakwenda kumzika baba yao.

Nilirudi Ijumaa. Suruali ilikuwa tayari, imepigwa pasi, imekunjwa. Nilipoivaa nikaona imeishia juu ya kifundo cha mguu, na kiunoni kaongeza mikunjo ambayo sikuiagiza. Nikamwambia, "Kaka, mbona hivi? Mimi nilikupa kipimo." Akaja akapiga goti mbele yangu, akanyoosha pindo kwa vidole, akarudi nyuma hatua mbili na kuniangalia kutoka chini mpaka juu.

"Iache hivyo," akasema. "Hiyo ni ya Mzee."

Sikumwambia aifumue.